Waya ukinyamaza, draiva itafanya nini? Ninavyokagua draiva za I2C na SPI

Anayekuletea draiva ya sensa (programu inayoiongoza chipu) uikague ameshaijaribu mezani kwake. Chipu imejibu, namba zimetoka, akafurahi, akatuma kiraka, yaani msimbo wake wa kuingizwa. Kwa hiyo ile njia ambayo kila kitu kinakwenda sawa haihitaji sana macho yako. Mimi huanzia upande wa pili: waya ukinyamaza, msimbo huu utafanya nini? Chipu ikikataa kuitika, ikijibu nusu, ikichelewa, ikikatiwa umeme katikati ya mazungumzo? Huko mara nyingi hakuna aliyefika, na ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, kosa la huko linaweza kuangusha mashine nzima.

Nitazungumzia zaidi I2C kwenye Linux, na SPI kidogo; zote mbili ni njia za prosesa kuzungumza na chipu kwa nyaya chache. I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982: nyaya mbili tu, mmoja wa data na mwingine wa saa, anwani za biti 7, mwendo wa kilohezi 100 au 400 kwa vifaa vingi. Ni wepesi huo unaowafanya watu walegee.

Cha kwanza ninachokitafuta ni majibu yanayorudi kila draiva inapogusa waya. i2c_transfer(), inayotuma na kupokea jumbe, ikifanikiwa hairudishi sifuri. Inarudisha idadi ya jumbe zilizopita. Ukituma jumbe mbili, moja ya kutaja rejista (kisanduku cha data ndani ya chipu) na nyingine ya kusoma, mafanikio ni 2. Anayeandika `if (ret) return ret;` atajigundua mapema, maana draiva yake haitawaka kabisa. Wa kuogopwa ni yule anayeandika `if (ret < 0)` akaishia hapo. Ikirudi 1, rejista imetajwa lakini hakuna kilichosomwa, na draiva inaendelea kwa raha na bafa (nafasi ya kupokelea data) iliyojaa mabaki ya kumbukumbu. Jibu lolote lisilolingana na idadi ya jumbe ligeuzwe kuwa -EIO, msimbo wa hitilafu ya mawasiliano. i2c_master_send() nayo inahesabu baiti, ilhali regmap_read(), ya kusoma rejista, inarudisha sifuri ikifanikiwa. Draiva ikichanganya zote tatu, usiruke hata mstari mmoja.

Halafu kuna i2c_smbus_read_byte_data(), ya kusoma baiti moja. Jibu lake ni namba ya biti 32 yenye alama: ikiwa hasi ni hitilafu, ikiwa kati ya 0 na 255 ni data. Mwandishi anaipokea kwenye u8, isiyobeba namba hasi, chini yake anaandika `if (ret < 0)` kwa uangalifu wote. Sharti hilo halitatimia milele. Chipu ikikosekana, -ENXIO, yaani -6, inageuka 250, na mtumiaji anasomewa 250 kana kwamba ndiyo hali halisi. Smatch, zana ya kukagua msimbo, hulikamata kosa hili bila jasho, kwa hiyo simwonei aibu mtu kumwambia aiendeshe kwanza kabla sijasoma. Dada wa kosa hilo yuko kwenye wait_for_completion_timeout(), inayosubiri kazi imalizike, ambayo hurudisha sifuri muda ukiisha na haiwezi kuwa hasi. Kwenye draiva za vidhibiti vya I2C nimeikuta ikipimwa kinyume mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Na chipu yenyewe isiaminiwe. Usomaji wa bloku wa SMBus (itifaki ya ukoo wa I2C) huanza na baiti ya urefu inayotoka kwenye chipu, na kikomo ni 32. Ikiwa draiva inachukua namba inayotoka kwenye chipu na kunakili baiti kiasi hicho kwenye bafa ya 16 bila kuuliza, kelele kidogo kwenye waya inatosha kuharibu kumbukumbu ya kerneli.

Sasa suala la muktadha, ambalo ndilo linalonichukua muda mrefu zaidi. Mazungumzo ya I2C kwa kawaida hulala yakisubiri kidhibiti kimalize. Kwa hiyo hayafai kufanywa huku umeshika spinloki (kufuli ambalo anayelishika haruhusiwi kulala), wala ndani ya mshughulikiaji wa kawaida wa katizo, ile ishara ya chipu ya kuomba kuhudumiwa. Kosa hilo halionekani kwenye mstari wenyewe. Mstari ni usomaji wa rejista usio na dosari. Lazima upande juu: nani anauita, na huyo naye anaitwa na nani, hadi ufike kwenye kufuli au katizo. Mwandishi naye aendeshe kerneli yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na lockdep, vikaguzi vya makosa ya kulala na ya kufuli, maana mashine haichoki kupanda.

Dawa ya kawaida ni request_threaded_irq() pamoja na IRQF_ONESHOT, ili katizo lishughulikiwe ndani ya uzi unaoruhusiwa kulala. Wengi huridhika wakifika hapo. Mimi huuliza swali moja zaidi: usomaji wa rejista ya hali ukishindwa, mshughulikiaji anarudisha nini? Kama katizo ni la kiwango (linalolia muda wote laini ikiwa imeamka), laini ya chipu itabaki imeamka mpaka rejista hiyo isomwe. Draiva ikishindwa kusoma kisha ikarudisha IRQ_HANDLED, inaiambia kerneli kwamba kazi imekwisha. Katizo linarudi mara moja, linashindwa tena, linarudi tena, na prosesa inateketea humo. Ikirudisha IRQ_NONE, kerneli inahesabu: makatizo 99,900 yakikosa mwenyewe kati ya 100,000, inaizima laini hiyo na kuandika lalamiko kwenye logi. Si suluhisho zuri, lakini mashine inabaki hai na mtu anajua pa kuangalia.

Mpangilio wa kuzaliwa na kufa kwa draiva unastahili kusomwa peke yake. Katizo likiombwa kabla kufuli na miundo ya data haijaandaliwa, linaweza kulia papo hapo na kukuta nyumba haina sakafu. Upande wa kufunga kuna mtego mwingine: vitu vya devm_, ambavyo kerneli huvisafisha yenyewe, huachiliwa baada ya remove() (kazi ya kuifunga draiva) kumaliza, kwa mpangilio wa kinyume. Sasa chukua draiva iliyoomba katizo kwa devm_request_threaded_irq(), na ndani ya remove() inazima umeme wa chipu kwa mkono. Kuna dirisha ambamo katizo liko hai na chipu imekufa. Ama vyote viingie kwenye devm_, ikiwemo kuzima umeme kwa kupitia devm_add_action_or_reset(), ama katizo lizimwe kwanza.

SPI ina lake. Bafa unazozikabidhi kwa spi_sync() zinaweza kwenda kwenye DMA (kifaa kugusa kumbukumbu bila kupitia prosesa), kwa hiyo zisikae kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea. Tangu Linux 4.9 ya mwaka 2016, staki inaweza kuwa kwenye kumbukumbu ya vmalloc, ambayo vipande vyake havifuatani kihalisi, ambako DMA haifai. Kwenye bodi ya mwandishi itafanya kazi kwa sababu kidhibiti chake hakitumii DMA kwa baiti chache; kwenye bodi ya mwingine data itaharibika. Ama itumike spi_write_then_read(), ambayo hunakili yenyewe, ama bafa itoke kmalloc() na isishiriki mstari wa kashe (kipande kimoja cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa) na vigeu vingine.

Mpangilio wa baiti naupitia haraka: i2c_smbus_read_word_data() huchukulia baiti ndogo inatangulia, na sensa nyingi hutanguliza kubwa. Kwa hizo ipo i2c_smbus_read_word_swapped().

Kuna jambo ambalo huwa nabishana nalo: vitanzi vya kujaribu tena. Kuandikia EEPROM (chipu ya kuhifadhi data) na kujaribu tena kuna sababu, kwa kuwa chipu hizo hukataa kuitika wakati zinahifadhi ndani. Lakini sensa inayosomwa mara tatu "ili iwe imara" kwa kawaida inaficha waya mbovu au muda wa kuwaka ambao haukuheshimiwa. Mwandishi anionyeshe ukurasa wa maelezo ya chipu unaohalalisha, au kitanzi kitoke. Vivyo hivyo draiva ya chipu inayochezea GPIO (pini za matumizi ya jumla) ili kuinasua njia iliyokwama. Kunasua kwa mapigo 9 ya saa ni kazi ya draiva ya kidhibiti, kwa sababu nyaya zile zile zina chipu nyingine.

Kama sina chipu, huwa namwomba mwandishi aisajili draiva kwenye anwani isiyo na kitu kisha anitumie logi. Probe, hatua ya draiva kuitafuta chipu inapoanza, inapaswa kushindwa kimya kimya, bila kuacha katizo wala kumbukumbu nyuma. Mwenye njia ya i2c-gpio (I2C inayoendeshwa kwa pini za GPIO) anaweza kuwasha CONFIG_I2C_GPIO_FAULT_INJECTOR na kuushikilia waya wa data chini kwa makusudi, draiva ikiwa kazini. Kutafuta chipu kwa i2cdetect kufanywe kwa hadhari kwenye mashine usiyoijua: mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba amri ya kuandika ya haraka iliwahi kuharibu EEPROM za AT24RF08 kwenye kompyuta nyingi za IBM ThinkPad.

Reviewed-by yangu, alama ya kwamba nimekikagua kiraka, naitoa nikiwa nimesoma njia zote za kushindwa, na kama kuna sehemu sikuielewa, mfano hesabu za kusahihisha vipimo, naitaja kwenye jibu ili mwingine aishike. Tested-by ni ya aliye na chipu mkononi.