Ukienda Volendam, anzia Marken

Wageni wengi wa Amsterdam, Uholanzi, hupelekwa na basi la watalii hadi Volendam, kijiji cha wavuvi kilicho karibu. Hushushwa bandarini, hukodi mavazi ya kienyeji wakapigwa picha, kisha hurudishwa mjini kabla hawajajua wameona nini. Ushauri wangu: nenda mwenyewe, tena asubuhi, na uanzie kijiji jirani cha Marken.

Basi namba 315 linaondokea kituo kikuu cha Amsterdam. Kadi yako ya benki inatosha: iguse kwenye mashine unapopanda, na uiguse tena unaposhuka, usije ukakatwa nauli kubwa zaidi.

Marken kilikuwa kisiwa mpaka mwaka 1957, kilipounganishwa na bara kwa tuta lenye barabara. Nyumba zake za mbao, nyingi zimepakwa rangi ya kijani, zimesongamana juu ya vilima vilivyoinuliwa na watu, na nyingine zilijengwa juu ya nguzo. Simama hapo uulize kwa nini. Jibu ni maji. Bahari ya Zuiderzee ilikuwa ikiingia hadi majumbani, na mafuriko ya Januari 1916 yalileta maafa makubwa. Serikali ikaamua kuifunga bahari yenyewe. Mwaka 1932 tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32 hivi, lilikamilika, na maji ya chumvi yakageuka taratibu kuwa ziwa la maji baridi. Watu wakapata usalama, lakini heringi na dagaa wa baharini wakatoweka, na wavuvi wengi wakapoteza kazi ya baba na babu zao. Mimi hili linanigusa kuliko kofia na viatu vya mbao. Usipolijua, utayaona mashua yaliyofungwa gatini kama mapambo tu.

Tembea juu ya tuta hadi mnara mweupe wa taa uliopo ncha ya mashariki. Beba koti hata kiangazi, maana upepo wa pale haukawii. Tafadhali usichungulie madirishani. Watu wanaishi humo.

Kutoka Marken kuna boti ya kwenda Volendam, mwendo wa nusu saa hivi. Wakati wa baridi safari hupungua au husimama, kwa hiyo hakikisha ratiba mapema. Ukifika, kula kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga, vingali moto. Samaki aina ya mkunga aliyekaushwa kwa moshi ni ghali, lakini mwonje: yeye ndiye aliyebaki maji yalipobadilika. Halafu uiache barabara ya bandarini yenye maduka ya zawadi, uingie vichochoro vya nyuma, mtaa wa Doolhof. Huko ni kimya na nyumba ni ndogo ndogo.

Basi namba 316 litakurudisha Amsterdam. Ukiwa na siku nyingine, panda treni hadi Enkhuizen, kwenye makumbusho ya Zuiderzee, ambako nyumba za vijiji vya pwani ile zimehamishiwa na kusimamishwa upya.