Diploma sasa au arudie S6? Jibu la aliyepitia

Ndugu uliyeuliza kama mpwa wako aliyefaulu somo kuu moja S6, yaani kidato cha sita hapa Uganda, arudie mtihani atafute la pili linalotakiwa kwa digrii, au aingie diploma mara moja: mimi nilipita njia ya digrii, nikakaa nyumbani miaka miwili.

Nilisoma utawala Kampala. Bahasha za maombi nilizipeleka kwa mkono, wilaya baada ya wilaya, na kila nafasi moja iligombewa na umati. Dada yangu mdogo aliishia S4, akachukua cheti cha uuguzi, miaka miwili na nusu, akaajiriwa kituo cha afya. Vocha ya simu nilikuwa namwomba yeye. Kaka mkubwa!

Angalia jinsi vituo vyetu vya afya vilivyopangwa. Daraja la II huongozwa na nesi wa cheti, la III na afisa tabibu mwenye diploma, la IV na daktari. Kila karatasi ina kiti chake. Kwenye utawala hakuna ngazi ya namna hiyo; wote tunabanana mlango mmoja.

Ila cheti nacho usikitegemee milele. Serikali imekuwa ikipandisha vituo vya II kuwa III. Cha dada kilipopandishwa, aliletewa bosi wa diploma, mdogo kwake kwa miaka minne. Jioni hiyo alinipigia: "Kaka, ufunguo wa kabati la dawa nimeukabidhi." Basi, akanyamaza. Mwaka uliofuata akaenda kuongeza diploma, miezi 18, ada akilipa kwa akiba yake mwenyewe.

Kwa walimu ni hivyohivyo: sera ya mwaka 2019 inataka kila mmoja awe na digrii, ndiyo maana unaona watu wana mvi na bado wamebeba daftari.

Kuhusu mafuta ya Hoima, wapo mafundi wa kuchomelea waliolipwa vizuri bila digrii. Lakini bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga likishalazwa, mafundi wote wale watachomelea nini? Anayeenda huko aende akijua ni kazi ya msimu.

Kwa hiyo mimi nasema diploma, asirudie. Diploma nzuri inamwingiza chuo kikuu baadaye, na huenda akafika huko tayari ana mshahara. Kabla hujalipa ada hakikisha chuo kimesajiliwa, halafu muulize mkuu wake swali moja tu: waliomaliza mwaka juzi wanafanya kazi wapi? Akianza kukuonyesha majengo, chukua boda urudi nyumbani.

Hukusema somo alilofaulu ni lipi. Kama ni biolojia au kemia, milango ya afya ipo, nitakueleza dada alivyoomba. Kama ni historia, tuandikie pia anapenda kufanya nini kwa mikono, maana hapo jibu langu linabadilika.