Maswali ya Wasomaji: Jitu, Zimwi au Kiumbe?

Mwezi huu barua nne kati ya zile zilizotufikia zimeangukia kitabu kimoja, nami nimeona heri nizijibu pamoja.

Swali. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikikusanya kila ninachokipata kilichotokana na riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley: matoleo ya kitabu chenyewe, diski za filamu, vitabu vya katuni, hata kipeperushi kimoja cha jumba la sinema. Mjukuu wangu alinishauri nifungue daftari niandike uhakiki mfupi wa kila kimoja. Nimefika cha tisa nikakwama, kwa sababu kila uhakiki unasema jambo lile lile: hii imekifuata kitabu, hii haikukifuata. Je, kipo kipimo kingine?

Jibu. Shikamoo Mwalimu. Kipimo ulichoanza nacho si kibaya, ila kwa hadithi hii kinateleza mapema, kwa kuwa kabla hujauliza kama filamu imekifuata kitabu inakubidi useme ni kitabu kipi. Mary Shelley aliianza hadithi mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, kando ya ziwa Geneva nchini Uswisi. Ikachapishwa London mwaka 1818 bila jina lake, nakala 500 tu. Kisha mwaka 1831 akaitoa tena baada ya kuirekebisha yeye mwenyewe. Katika toleo la kwanza Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, yule msomi anayemuunda kiumbe na kumpa uhai, ni binti wa shangazi yake Victor. Katika toleo la 1831 ni yatima aliyechukuliwa kutoka kwa familia maskini nchini Italia. Anayeilaumu filamu kwa kumbadilisha Elizabeth huenda anamlaumu mwandishi bila kujua. Isitoshe, mambo mengi ambayo watazamaji huyangoja, na wasipoyaona hudai kwamba yameachwa, hayamo kitabuni kabisa. Hamna mnara unaopigwa radi, hamna msaidizi mwenye kibyongo, wala ubongo wa mhalifu ulioibwa kwa bahati mbaya. Kiumbe anapata uhai katika sentensi chache, usiku wa mwezi wa Novemba, mvua ikigonga vioo vya dirisha na mshumaa ukikaribia kwisha, na Victor anakataa katakata kutuambia alifanyaje.

Mimi nikipokea kazi yoyote ya ukoo huu huuliza kwanza: je, wamemwachia kiumbe mdomo wake? Riwaya imepangwa kama sufuria za dukani, moja ndani ya nyingine: nahodha Walton anamwandikia dada yake barua kutoka kwenye bahari ya barafu, ndani ya barua hizo Victor anasimulia maisha yake, na ndani ya masimulizi ya Victor, katikati kabisa, kiumbe anasimulia yake kwa kinywa chake. Amejificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya mzee kipofu aitwaye De Lacey, anachungulia kwenye ufa wa ukuta, na maneno ya mwanzo anayoyashika ni manne: moto, maziwa, mkate, kuni. Wewe uliyefundisha watoto kusoma utaona mara moja kwamba hayo ni maneno ya mtu mwenye njaa na baridi. Baadaye anajifunza kusoma kwa kudokoa masomo anayopewa Safie, mgeni aliyezaliwa na mama Mwarabu, ambaye naye haijui lugha ya nyumba ile. Kufikia hapo anasoma mashairi ya Milton, na anapokutana na muumba wake juu ya milima anajenga hoja ambazo msomi huyo anashindwa kuzijibu ila kwa matusi.

Sasa pitisha mkusanyo wako kwenye swali hilo. Tamthilia ya kwanza, ya Richard Brinsley Peake, ilipanda jukwaani London mwezi Julai 1823, na tayari kiumbe amenyimwa usemi. Badala yake kaingizwa mtumishi aitwaye Fritz, mwenye maneno tele. Mary Shelley alikwenda kuitazama mwezi uliofuata, akafurahishwa na kwamba katika orodha ya waigizaji nafasi ya jina la kiumbe ilikuwa imewekwa vistari tu. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ilirithi ububu huo pamoja na Fritz, na katika orodha ya mwanzo mahali pa jina la mwigizaji wa kiumbe pana alama ya kuuliza. Jina la Boris Karloff linatokea mwishoni. Karloff anaguna na kunguruma tu, lakini tazama mikono yake inavyoinuka kuelekea mwanga wa jua unaoingia kwenye paa lililofunguliwa, halafu mwanga ukafungwa. Hapo ndipo mhakiki mwadilifu anapokiri kwamba kumnyima mtu maneno si lazima iwe kumnyima utu, ingawa mimi bado naona ni hasara.

Whale mwenyewe alirejea kwenye jambo hilo mwaka 1935, katika filamu ya pili, ambapo kiumbe anakaribishwa na mzee kipofu anayepiga fidla msituni na kufundishwa maneno mkate, kinywaji na rafiki. Karloff hakupendezwa na uamuzi wa kumsemesha. Namheshimu Karloff, lakini hapa namwona amekosea, kwani dakika zile chache mezani ndizo zilizo karibu zaidi na riwaya kuliko chochote kilichotengenezwa na studio iliyozitoa filamu hizo. Katika filamu ya tatu, ya mwaka 1939, kiumbe ni bubu tena, kana kwamba somo lote limefutwa ubaoni.

Filamu ya Waingereza ya mwaka 1957, ambamo Peter Cushing ni Frankenstein na Christopher Lee ndiye kiumbe, ihakiki kwa haraka: humo anayetisha ni daktari, na kiumbe ni kifaa chake tu. Ya Kenneth Branagh ya mwaka 1994 inampa Robert De Niro maneno, kisha inayafunika kwa muziki na kukimbiakimbia. Ukiweza kupata rekodi ya tamthilia iliyoongozwa na Danny Boyle katika ukumbi wa taifa wa London mwaka 2011, tafuta zote mbili, kwa kuwa Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walikuwa wakibadilishana nafasi, leo huyu muumba na kesho muumbwa. Mchezo unaanza na kiumbe peke yake sakafuni akijifunza kusimama, na sisi tunalazimika kuanza naye. Guillermo del Toro naye, katika filamu yake ya mwaka 2025, ameigawa hadithi mara mbili, sehemu ya Victor na sehemu ya kiumbe anayejieleza mbele ya nahodha. Ina mapambo mengi kuliko inavyohitaji, lakini kwenye daftari lako iandike upande wa zilizosikiliza.

Swali. Nina diski mbili za filamu ya mwaka 1931. Katika ya kwanza kiumbe anamnyoshea mkono mtoto wa kike kando ya ziwa na picha inakatika hapo; katika ya pili tukio linaendelea. Aliyeniuzia anasema moja ni bandia. Niitupe ipi? — Msomaji, Mombasa

Jibu. Usitupe hata moja. Tukio hilo liliwaudhi wakaguzi wa filamu wa Marekani, wakalikata, na watu wa miaka mingi waliiona filamu ikiwa na pengo hilo mpaka kipande kiliporudishwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo unazo filamu mbili halali zenye maadili tofauti. Katika ile kamili, mtoto Maria na mgeni wake wamepiga magoti ukingoni wakirusha maua majini, nayo yanaelea; maua yanapomwishia, kiumbe anatazama viganja vyake vitupu, anamtazama mtoto, akadhani naye ataelea. Anamrusha. Mtoto anazama, na yeye anakimbilia vichakani akiyumba, akisugua mikono yake kama aliyeungua. Ni kosa la mtu asiyejua dunia. Katika ile iliyokatwa tunaona mkono ukinyooshwa, kisha baada ya muda tunamwona baba akipita katikati ya sherehe za kijiji akiwa amebeba maiti ya binti yake, na akili ya mtazamaji inajaza pengo kwa ubaya ambao Whale hakuupiga picha. Wakaguzi waliodai kulinda maadili ndio waliomfanya kiumbe kuwa mbakaji katika fikra za watu.

Ndiyo maana nawasihi wakusanyaji waandike, juu ya kila uhakiki, ni nakala ipi waliyoitazama: imetolewa mwaka gani, ina dakika ngapi, kipi kimekatwa. Uhakiki wa nakala usiyoitaja ni kama kumsifu mpishi bila kusema ulikula nini. Wala msidharau nakala chakavu. Filamu ya kwanza kabisa ya hadithi hii, iliyotengenezwa na kampuni ya Edison mwaka 1910, ilihesabiwa kuwa imepotea mpaka ilipojulikana katika miaka ya 1970 kwamba nakala moja ilikuwa imetunzwa na mkusanyaji wa jimbo la Wisconsin. Humo kiumbe anatokea ndani ya pipa la moto, kwa hila rahisi sana: walichoma sanamu, kisha wakaionyesha picha kinyumenyume, nyama ikawa inarudi mifupani.

Swali. Katika mkusanyo wangu ipo filamu moja ya zamani ya Frankenstein ambayo mfasiri wa kibanda cha video ameingiza sauti yake kwa Kiswahili juu ya picha. Rafiki yangu anasema hiyo ni takataka, haistahili uhakiki. Wewe unasemaje? — Msomaji, Dar es Salaam

Jibu. Inastahili, tena pengine kabla ya nyingine. Mfasiri wa kibandani hatafsiri kwa maana ya chuoni. Anasimulia, anatania, anawapa wahusika majina ya mitaani, anamwonya shujaa, anamzomea mwovu. Ninachotaka kukijua ni kile ambacho hukukisema: kiumbe anapoguna, mfasiri anafanya nini? Niliwahi kukaa kibandani kwenye benchi la mbao, miaka mingi iliyopita, nikitazama filamu yenye bubu wa namna hiyo. Mfasiri wa siku ile hakuweza kuvumilia ukimya, akamtamkia: "Jamani, mimi nimewakosea nini?" Kibanda kizima kilicheka, kisha kikanyamaza. Sidhani kwamba aliwahi kukiona kitabu, na hata hivyo alimrudishia kiumbe sentensi ambayo filamu ilikuwa imemnyang'anya. Andika uhakiki wako, unukuu maneno yake kama yalivyo, na diski uinakili mapema, kwa maana kazi za vibandani hazina maktaba inayozihifadhi.

Swali. Ninaandika insha ya chuo kwa Kiswahili kuhusu filamu hizi. Msimamizi wangu ananisahihisha kila ninapoandika "zimwi" au "jitu", na pia ninapomwita kiumbe Frankenstein. Neno lipi ni sahihi? — Mwanafunzi, Nairobi

Jibu. Swali lako limenikalisha macho, kwa sababu Kiswahili hakikuachii njia ya panya. Ukiandika "jitu", ambalo ni mtu aliyekuzwa, sarufi inakudai uendelee: jitu lile lilikuja, likasimama, likalia. Zimwi nalo ni hivyo hivyo. Hata methali yetu husema zimwi likujualo, wala haisemi akujuaye. Ukiandika "kiumbe", unaweza kusema kiumbe huyu alikuja, akasimama, akalia, na msomaji tayari anamwona mtu. Kwa hiyo kila kitenzi cha insha yako kinapiga kura. Kitabuni Victor humwita shetani, fedhuli, hata mdudu, na mhakiki anayeandika "lilikuja" mfululizo amekwisha kukaa upande wa Victor kabla ya kutoa hoja hata moja. Ushauri wangu ni huu: unapoeleza anavyoonwa na wanakijiji wenye mienge, andika jitu na ulipe "li" yake, unapofika anapozungumza, badilisha uandike kiumbe huyu, na usiombe radhi kwa msimamizi. Katika filamu ya mwaka 1957 huenda usipate nafasi ya kubadilisha, nayo hiyo itakuwa hukumu yako juu ya filamu.

Soma pia, kama unaweza kuipata, riwaya ya Ahmed Saadawi wa Iraki, iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2013 na kupata tuzo ya kimataifa ya riwaya ya Kiarabu mwaka uliofuata. Muuza vikorokoro wa Baghdad anaokota viungo vya watu waliouawa kwa mabomu, anavishona viwe maiti moja ili vipate kuzikwa, na maiti inaondoka. Watu wa mtaa wanamwita kwa neno la Kiiraki ambalo maana yake ni sawasawa na "nanihii" yetu. Mtafsiri wa Kiswahili atakayekuja hatahangaika na jina hilo hata dakika moja.

Kuhusu kumwita kiumbe Frankenstein, msimamizi wako ana haki, hilo ni jina la aliyemuumba. Lakini kwa watu ambao mtoto wao hubeba jina la baba, kosa lenyewe si kubwa kama wanavyolikuza wahakiki wa Ulaya; na kiumbe mwenyewe, pale milimani, alidai kutambuliwa kama Adamu wa Victor. Kama insha lazima impe jina, mwandike bin Frankenstein, na katika tanbihi ueleze kwamba baba alimkana.