Bangili inasoma presha nzuri, zahanati inasoma mbaya: niamini ipi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 46 na huu ni mwaka wa pili natumia dawa ya presha. Miezi mitatu iliyopita nilinunua bangili ya mazoezi ya bei nafuu. Inahesabu hatua, mapigo ya moyo, usingizi, kalori, hadi presha. Karibu kila siku inasoma 118/76 au 120/78, lakini zahanati wamenipima wakakuta 152/96. Nimesikia presha hupanda mtu akimwona daktari. Je, naweza kupunguza dawa nikifuata bangili? Halafu nikikimbia polepole mapigo yanaruka hadi 165 na kuganda hapo ingawa sihemi sana, na hatua zinaongezeka hata nikiwa nimekaa nafua nguo. Nimeuziwa kimeo?

JIBU: Dawa usiipunguze, hata nusu kidonge. Kama umeshaanza kuipunguza, wasiliana leo na aliyekuandikia umweleze ukweli wote. Mengine tuyaongee taratibu, maana swali hili linanifikia mara nyingi mno, na nyuma yake daima kuna mtu mwenye presha ya juu anayedhani amepona.

Bangili yako haijapima presha yako hata siku moja.

Igeuze uitazame upande wa chini. Kuna kidirisha kidogo chenye taa mbili tatu za kijani na kihisi cha mwanga katikati. Taa inapenya ngozi kwa milimita chache tu. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo moyo unapopiga na damu ikajaa kwenye vishipa vidogo, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena. Kihisi kinahesabu hayo mawimbi. Kinachojua ni kwamba damu imekuja na imepungua, mara ngapi kwa dakika. Kwa mapigo ya moyo, hiyo inatosha kabisa. Presha ni jambo jingine: ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa, na nguvu huwezi kuijua bila kushindana nayo. Ndiyo maana mashine ya presha ina mkanda unaojaa hewa. Unaubana mkono hadi damu izuiwe, kisha hewa inatolewa polepole huku mashine ikisoma ni kwenye mgandamizo gani damu inarudi kupita. Bangili yako haina pampu wala mfuko wa hewa. Haina kitu cha kushindana na damu yako.

Basi 118/76 imetoka wapi? Ulipoiunganisha na simu mara ya kwanza, programu ilikuuliza umri, jinsia, urefu na uzito. Vifaa vingi vya aina hii huchukua namba ya kawaida ya mtu mwenye maelezo kama yako, vikaongeza au kupunguza kidogo kulingana na kasi ya mapigo na umbo la wimbi la mwanga. Yanayobaki ni makisio yaliyoandikwa kwa tarakimu nzuri. Jaribu mwenyewe. Kaa umetulia, pima presha kwa bangili mara tatu. Bila kuinuka, ingia kwenye programu, badilisha umri wako kutoka 46 uwe 75, hifadhi, pima tena mara tatu. Namba ikipanda, umeona inakotoka, kwa sababu mishipa yako haikuzeeka ndani ya dakika moja. Ivishe pia taulo iliyoviringishwa vizuri au karatasi ya chooni. Bangili nyingi zitaonyesha mapigo, na nyingine zitaonyesha hadi presha. Ila namba isipobadilika usiseme sasa inaaminika: maana yake ni kwamba huenda mtengenezaji ametumia njia nyingine ya kukisia.

Zipo saa chache zilizokaguliwa ambazo zinakadiria presha kwa mwanga, lakini hata hizo lazima kwanza zisawazishwe kwa mashine ya mkono, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya wiki nne hivi. Zipo pia zenye kimfuko cha hewa ndani ya mkanda wenyewe, na hizo zinapima kweli. Bangili nyembamba ya bei nafuu isiyokudai usawazishaji wowote haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu presha kupanda mbele ya daktari: ni kweli inatokea. Lakini dawa yake ni kupima nyumbani kwa mashine yenye mkanda wa juu ya kiwiko, si kuchagua kipimo kinachokufurahisha. Pima hivi. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa wala chai, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kupishanisha, tulia dakika 5 kimya, simu mbali. Mkanda ukae kwenye ngozi, usivalishwe juu ya nguo, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kwa karibu 8. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao hupandisha namba, kwa hiyo pima mzunguko wa mkono wako kwa futikamba ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda. Soma mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Andika kila namba, hata ile usiyoipenda. Siku ya kwanza iache, tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Karatasi hiyo ndiyo utakayompelekea daktari, na ndiyo inayoweza kubadilisha dozi, iwe kwa kupanda au kushuka.

Nakumbusha pia kwamba presha iliyotulia wakati unatumia dawa ni kazi ya dawa. Hata kama ile 118/76 ingekuwa ya kweli, ingekuambia kwamba dozi yako inafaa.

Mapigo yanayoganda 165. Hapa kifaa si kibovu, kimechanganyikiwa. Unapokimbia, mkono unatikisika kwa mdundo wa hatua, na damu ndani ya ngozi inatikisika nayo. Kihisi kinakamata mdundo wa miguu kikidhani ni wa moyo. Ukikimbia polepole unapiga hatua 160 hadi 170 kwa dakika, na namba yako imeangukia humo humo. Hakikisha hivi: hesabu hatua zako kwa sekunde 15 ukizidisha kwa 4. Kisha simama, weka vidole viwili chini ya dole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya sekunde 15 papo hapo, zidisha kwa 4, usisubiri maana mapigo hushuka haraka. Kwa kanuni ya kawaida ya 220 kutoa umri, upeo wako ni karibu 174, ingawa watu hutofautiana kwa mapigo 10 na zaidi. Ungekuwa kweli kwenye 165, kuongea sentensi nzima kungekushinda.

Marekebisho ni madogo. Sogeza bangili upana wa vidole viwili juu ya kifupa cha kifundo, ikaze kidogo zaidi wakati wa mazoezi hata isiteleze ukiisukuma, kisha ilegeze ukimaliza. Futa kidirisha kwa kitambaa chenye unyevu, maana jasho na mafuta ya ngozi hukaa pale yakakauka. Usiivae juu ya tatuu, kwa sababu wino hunyonya mwanga. Mikono ikiwa ya baridi, damu kwenye ngozi hupungua na kipimo huyumba, kwa hiyo jipashe moto dakika chache kabla hujaiamini. Na angalia jina la dawa yako: kama ni atenolol, bisoprolol au jamaa zake, mapigo yako hayatapanda kama ya mtu asiyetumia, na zile kanda za rangi za mazoezi kwenye programu hazikuhusu. Tumia kipimo cha maongezi: unaongea bila kukwama lakini kuimba huwezi, hiyo ni kasi ya wastani inayokufaa.

Hatua za kwenye kufua: kihisi cha mwendo kinasikia mkono ukienda na kurudi kwa mpigo sawa, kinaandika hatua. Vivyo hivyo ukisukuma kigari cha mtoto kinakupunja, kwa sababu mkono umetulia kwenye mpini. Chagua kwenye mipangilio mkono unaoivalia, ivae kwenye mkono usioutumia sana, na ukisukuma kigari iweke mfukoni. Tembea hatua 200 ukizihesabu kwa mdomo. Ikikosea kwa 10 au pungufu ya hapo, una kifaa kizuri. Ile 10,000 nayo isikusumbue. Ilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kilichopewa jina lenye maana ya kipimo cha hatua 10,000. Angalia wastani wako wa wiki, ongeza hatua 1,000, shikilia wiki mbili tatu, kisha ongeza tena.

Kalori usizile kwa mujibu wa bangili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba mwaka 2017, na hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kwenye kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Hivyo havikuwa vya bei ya chini. Usingizi nao, muda wa kulala na kuamka unafaa kwa kufuatilia mwenendo, ila zile hatua za usingizi mzito na mwepesi ni makisio, na ukilala macho wazi bila kujigeuza utaandikiwa kuwa umesinzia.

Kwa hiyo hapana, hujauziwa kimeo. Una kihesabu hatua na kihesabu mapigo cha kutosha, kilichobandikwa kazi kisiyoiweza na watu wanaotaka kuuza. Hasira yangu iko kwao. Mwaka huu ni presha, na wengine wameshaweka sukari: saa na pete zinazodai kusoma sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Vifaa halali vya kufuatilia sukari muda wote vina kiuzi kinachoingia chini ya ngozi, na saa huonyesha tu namba kilizotuma. Mtu mwenye kisukari akichoma insulini kwa kufuata mwanga wa kijani, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu, na akiacha kuchoma, inaweza kupanda hadi alazwe. Muuzaji akikuambia kifaa kinapima presha, sukari na oksijeni kwa kugusa tu, muulize maswali mawili: kimekaguliwa dhidi ya mashine gani, na nakisawazisha vipi? Akianza kukuonyesha maoni ya wateja, rudisha mezani.

Fanya jambo moja leo. Fungua programu, tafuta kipimo cha presha kwenye orodha ya vipimo, kizime, na kama inawezekana kiondoe kabisa kwenye uso wa bangili. Mashine ya mkono ikikusomea 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, macho kufifia, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo bila kuangalia bangili inasemaje.