Gliserini kwenye maji ya ndege? Mkuu, usithubutu

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo. Umeuliza uwape chakula gani ndege wadogo wa bustanini kipindi hiki cha barafu, vibanda vya kulala uvitundike wapi, na kama ni sawa kutia gliserini na kijiko cha chumvi kwenye maji yao yasigande. Mimi nimeona hilo la mwisho tu, damu ikachemka.

USITIE. Mimi nilitia. Niliingizwa mkenge na muuza vifaa vya bustani mmoja, jamaa anaongea kwa kujiamini utadhani yeye mwenyewe aliwahi kuanguliwa. Eti gliserini haina madhara, mbona hata kwenye keki inawekwa. Keki ina manyoya, bwana? Keki inaoga?

Maana ndege hanywi tu, anaoga pia, hata kwenye baridi ya kutisha. Manyoya machafu hayashiki joto. Akiyatutumua, hewa inanaswa katikati, na hilo ndilo blanketi lake. Gliserini inanata: manyoya yakigandana, hewa haikai, unyevu unafika hadi kwenye ngozi. Sasa chukua kandege ka gramu 10 au 11, ambako usiku mmoja wa baridi kali kanaweza kupoteza hata asilimia 10 ya uzito wake kwa kujipasha joto tu, halafu ukavue blanketi. Kamoja nilikaokota asubuhi chini ya ua, manyoya ya kifuani vishungi vishungi. Nikarudi kwa yule mtaalamu wangu. Akasema huenda ni uzee. Uzee!

Chumvi ndiyo kichekesho kabisa. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, na bado yanaganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Kijiko chako kitazuia nini? Ukizidisha mpaka kifanye kazi, umeshawapikia sumu. Ndege wa baharini wana tezi za kutolea chumvi mwilini. Hawa wetu wanategemea figo, na hazimudu. Kulanti ya gari (ile ya kuzuia maji ya injini yasigande) ndiyo hata usiitaje: ni tamu, inaua, na paka wa jirani naye ataonja.

Kwenye maji ya ndege yanaingia maji tu. Basi. Tafuta sinia la plastiki lenye kina kifupi. Alfajiri mimina maji ya moto ukingoni, barafu iachie, itupe, jaza maji ya kawaida. Chungu cha udongo usikimwagie maji ya moto, kitapasuka (ndiyo, hicho nacho nilikuwa nacho). Kijimpira chepesi kikielea, upepo unakichezesha na maji yanachelewa kuganda. Baridi ikizidi, mpira nao unanasa, na wewe unarudi kwenye birika la maji ya moto. Majirani wameshazoea kuniona nje na nguo za kulalia.

Ah, chakula. Mafuta magumu ya ng'ombe, alizeti, karanga, vyote bila chumvi. Yale mafuta yanayobaki kwenye sinia la kuchomea nyama, hapana: yana chumvi na yanapaka manyoya vilevile.

Hiyo gliserini kama umeshanunua, rudisha dukani. Wakigoma, jipake mikononi, baridi hii inapasua ngozi.