Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Mafundi wa Vyombo Nungwi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, asalaam aleikum. Nakaa Mkokotoni na nimeanza kupiga picha za mafundi wanaounda majahazi na mashua pwani ya Nungwi, pamoja na maisha ya mitaa yao. Picha zangu hutoka ama banda jeusi tii ama mchanga mweupe mtupu, na baadhi ya mafundi hunikataza hata kabla sijatoa kamera. Isitoshe, boti za faibagilasi na mahoteli yamewazunguka. Je, niyaache nje ya picha ili kazi ya asili ionekane?
— Msomaji, Mkokotoni

JIBU: Waaleikum salaam. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine: usiyaache nje. Kazi hii imepungua kwa sababu zinazoonekana kwa macho, yaani mbao ngumu kama za mvule zimekuwa adimu na ghali, boti ya faibagilasi haihitaji kukalafatiwa (kuzibwa mianya ya mbao), na ardhi ya pwani imepata wateja wenye fedha kuliko mvuvi. Picha ya jahazi pweke chini ya anga tupu huzificha sababu zote tatu, na kwa maoni yangu hufaa kuuziwa watalii tu.

Mafundi wanaokukataza wamekwisha kupigwa picha na wageni wengi wasiorudi tena. Nenda kwanza mikono mitupu, amkia wakubwa, kaa, na ukiulizwa eleza picha zitakwenda wapi. Kisha mpelekee kila mmoja yake, iliyochapishwa kwenye karatasi. Mitaani ni vivyo hivyo: wazee wa barazani wanaocheza bao au kunywa kahawa watakuzoea, lakini kwa wanawake omba ruhusa kila mara, na ukinyimwa, basi.

Tatizo la banda ni dogo. Nungwi ipo nyuzi zisizofika 6 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua husimama karibu na utosi na kivuli cha makuti huwa kizito. Ingia ndani, upe mgongo mchanga, upime mwanga usoni mwa fundi, na ufanye kazi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Halafu fuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, tangu mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, unapolazwa na mataruma, mbavu zake, kusimamishwa. Fundi anapotoboa mbao kwa keekee, kitoboleo kinachozungushwa kwa uta, mkono mmoja hukandamiza kichwa chake na mwingine huvuta uta. Ukiweka kamera kwenye kasi ya sehemu ya 30 ya sekunde, mkono wa kwanza hutulia na uta hufifia, na mtazamaji huelewa mara moja kinachofanyika. Kwenye kalafati sogea karibu zaidi, uone pamba iliyopakwa mafuta ikisindiliwa kwa patasi butu katika mwanya wa mbao mbili. Andika papo hapo jina la kila kifaa na la mti uliotumika, kama fundi alivyolitamka.

Kushua chombo kikubwa, yaani kukiingiza majini, hungoja bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa hiyo ulizia mapema ni bamvua gani wanayoikusudia. Siku hiyo lenzi ndefu ibaki nyumbani. Chukua ya milimita 28 au 35, usimame upande wa kamba za kuvutia chombo, penye watu.