Muulize Mkunga: Simu ikilia, nani anaipokea?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu simu na matibabu. Nimechagua tatu.

Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijijini, mkoa wa Lindi. Tuko wawili tu. Tumeletewa kila mmoja tableti ya kuandikisha wajawazito na watoto, lakini rejista za MTUHA, yaani vitabu vya serikali vya taarifa za huduma za afya, tunaendelea kuzijaza kama zamani. Mchana najaza vitabu, jioni wagonjwa wakiisha nahamishia yale yale kwenye tableti. Mwenzangu yake ameshaifungia kabatini, anasema mradi ukiisha na yenyewe itakufa. Hivi hizi simu zimewahi kumsaidia mgonjwa kweli, au tunajichosha bure?
*Muuguzi, Lindi*

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Umeandika kutoka mkoa niliofanyia kazi sehemu kubwa ya maisha yangu, basi nitakujibu kwa mambo ya hapo hapo.

Mwaka 2009 wilaya 3 ziliingizwa kwenye majaribio yaliyoitwa SMS for Life: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Wewe ni kijana, labda hukumbuki hali ya dawa mseto ya malaria wakati ule. Mama anatembea tangu alfajiri, mtoto yuko mgongoni anachemka, anafika dirishani anaambiwa paketi za uzito wa mtoto wake zimeisha. Huenda zahanati ya kijiji cha pili wanazo hadi za ziada, lakini wewe hujui, na wilayani hawajui, kwa sababu taarifa za dawa zilikwenda kwa karatasi, na karatasi ilimsubiri mtu mwenye safari ya mjini.

Hatukuletewa tableti wala kompyuta. Zilitumika simu zetu wenyewe, za kawaida kabisa. Kila wiki ujumbe unaingia: una paketi ngapi za mseto, aina zote nne, na kwinini ya sindano je? Unafungua kabati, unahesabu, unajibu. Kutuma hukatwi hela, na ukijibu kwa wakati unaongezewa salio kidogo. Vituo 129 vilishiriki. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Na Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kufikia wiki ya 8.

Nakutajia hesabu hizi kwa sababu nataka mwenzako azisikie. Lakini nataka na wewe uone dawa zilitoka wapi. Ujumbe wa simu hauna mseto ndani yake. Wilayani kulikuwa na watu walioziangalia zile namba wakaona nani ana ziada na nani kaishiwa, dawa zikahamishwa. Angekosekana mtu wa kufanya hivyo, tungehesabu paketi kila wiki mpaka tuchoke, na watoto wangeendelea kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo swali lako ulipeleke mbele zaidi. Kikao kijacho na timu ya afya ya wilaya, usiulize kama tableti ni nzuri. Uliza: taarifa tulizotuma mwezi uliopita alizisoma nani, na aliamua nini baada ya kuzisoma? Wakikutajia jambo moja la kueleweka, vumilia. Wakiangaliana, waambie waziwazi, kwa heshima, kwamba wauguzi wawili wanaandika kila mjamzito mara mbili na hakuna anayesoma. Mimi naona ni dhuluma kumpa muuguzi kazi mbili kwa jina la kumrahisishia kazi, na hilo wakubwa wanapaswa kuambiwa na nyinyi mnaolibeba. Vitabu vya MTUHA usiviache mpaka upewe maelekezo rasmi.

Wakati huo huo, hiyo tableti na wewe ifaidi. Kama programu yenu inaonyesha wajawazito waliopitiliza tarehe ya hudhurio, itoe orodha hiyo kila Ijumaa, mpe mhudumu wa afya ya jamii awatembelee. Ukimpata mama mmoja aliyekuwa amekata kliniki, ukampima presha ukaikuta imepanda, utaona mwenyewe kama jioni zako zimepotea.

Dada Mkunga, habari za kazi. Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba, ya pili. Ya kwanza alitoka damu nyingi tukamwokoa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nimesikia kuna namba ya kupiga gari likaja, 115. Ni kweli, au mpaka uwe na simu ya kisasa? Ya kwetu ni kitochi.
*Bibi mtarajiwa, Shinyanga*

Dada yangu, ni kweli, na kitochi kinatosha. Huduma hiyo inaitwa m-mama, na huko kwenu mna haki ya kuidai maana ilianzia kwenu: majaribio yake yalifanyika Shinyanga na Sengerema kuanzia 2013, na Rais Samia akaizindua kitaifa 2022. Kupiga 115 ni bure. Anayepokea anakuuliza maswali kuhusu hali ya mama na mahali mlipo, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe. Dereva huyo analipwa na mfumo kwa njia ya simu, si na wewe. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Nimeona familia zikibishana nauli huku mama anavuja damu.

Mkwe wako alishatoka damu, kwa hiyo ajifungulie hospitali, na mjadiliane kliniki kama asogee karibu na hospitali wiki za mwisho. Msingoje uchungu uanze ndiyo mfikirie 115. Damu ikitoka hata kidogo, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, akipata degedege, chupa ikipasuka kabla ya uchungu, au mtoto akipunguza kucheza, pigeni hapo hapo.

Na jambo moja la nyumbani, ambalo wanaume huwa hawalifikirii: hicho kitochi usiku kinalala na nani? Kama kinalala na mwanao, naye yuko lindo, mkwe hana simu. Unguja walifanya utafiti mwaka 2009 na 2010 kwa wajawazito 2,550. Waliotumiwa ujumbe na kupewa vocha za kumpigia mkunga, asilimia 60 walijifungua mbele ya mtaalamu. Wasiopewa, asilimia 47. Lakini ukitazama ndani, tofauti hiyo ilikuwa kwa kina mama wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana. Simu peke yake haifupishi barabara, wala haimpi mke ruhusa ya kuondoka. Basi ruhusa mpeni sasa hivi, mbele ya mumewe, na betri ichajiwe.

Mama, nakuandikia kutoka Nairobi. Nimeanza dawa za ARV mwaka huu. Kliniki wanataka kunitumia SMS kila wiki. Mume wangu hajui, na simu yangu huishika. Nikubali?
*Mwenye wasiwasi*

Binti yangu, nashukuru umeniamini. Huko huko Kenya, kati ya 2007 na 2009, watu 538 walioanza ARV walishiriki utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Nusu yao walitumiwa ujumbe kila Jumatatu: "Mambo?" Basi. Hakuna jina la dawa, la ugonjwa, wala la kliniki. Unajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, au ukinyamaza, muuguzi anakupigia. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa, na virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa wengi zaidi: asilimia 57 dhidi ya 48.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, waambie wakuonyeshe ujumbe wenyewe, neno kwa neno. Kama unataja dawa, tarehe ya kliniki, au unaingia kwa jina la kituo, kataa huo na uombe wa namna ya "Mambo?", au upigiwe saa ambazo uko peke yako. Uliza pia ukijibu "shida" nani atakupigia. Kama hakuna, ujumbe huo hauna faida ya kukuhatarisha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Kukataa SMS hakukunyimi dawa.

Habari ya mume tutaizungumza ukiwa tayari. Kliniki yako ina mshauri, mwone kwanza huyo, hasa kama unaogopa kupigwa. Na ukibadilisha laini, waarifu siku hiyo hiyo, maana laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, na ujumbe wako utaingia kwake.